Aliyesimama Nyuma ya Pikapu

Harufu ya beseni la plastiki likitobolewa kwa bisibisi ya moto hainitoki puani hadi leo. Msimu ule wa mavuno Ifakara nzima ilinukia mpunga ulioanikwa juu ya maturubai, na vumbi la pumba kutoka mashineni lilituingia mpaka kwenye uji. Uani kwetu, lakini, ilinuka plastiki. Fahali wa Mzee Masanja, jirani yetu Msukuma, alikuwa amejikuna kwenye pikapu ya baba, na pembe yake ikaondoka na kifuniko chekundu cha taa ya nyuma, upande wa kushoto. Mzee Masanja alikuja mwenyewe, kofia mkononi. “Mwanangu,” alimwambia baba, “huyu ng’ombe ameniaibisha.” Pikapu ile ilinizidi umri, na kifuniko chake hakikupatikana dukani hata kwa dawa. Basi mama akatoa beseni lake jekundu, akinung’unika kwamba kuanzia leo vyombo ataoshea ndani ya gari, na wanaume wale wawili wakakaa chini kukata na kuunganisha. Kiraka kile kilikuwa kibaya, nasema kweli, lakini kilikaa.

Ukaguzi wa magari ulikuwa Jumatatu. Bila stika kwenye kioo cha mbele, baba asingeruhusiwa kubeba mpunga wa watu kutoka kijiji cha Mbingu, na bila kazi hiyo angerudi Kidatu kukata miwa. Mwaka uliotangulia alikaa huko msimu mzima. Aliporudi, mdogo wangu alimkimbia akidhani ni mgeni, na baba akacheka, kisha akaenda kunawa uso kwa muda mrefu sana. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko ile stika.

Dereva akikanyaga breki hawezi kuona taa zake za nyuma, lazima awe na mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilijiona mkubwa kuliko dereva. Jumapili jioni baba alikanyaga breki, akauliza, “Imewaka?” Ya kulia ilikuwa nyekundu kama pilipili. Ya kushoto, kimya. Akachokonoa waya, akarudi kwenye usukani, akauliza tena, na tena ikagoma. Mara ya nne nikamsikia akimwambia mama dirishani, “Ikikataa na sasa, bora nifunge begi.” Akakanyaga. Nikaiangalia ile taa iliyokufa, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: “Imewakaaa!” Baba akapiga honi kwa furaha. Mimi nikaenda kulala bila kula, na nilikuwa mtoto asiyeacha wali.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Asubuhi, kwenye foleni ya magari, trafiki mmoja, mama mnene mwenye sauti ya upole, alizunguka pikapu yetu, akagonga kiraka cha beseni kwa kidole, akatabasamu. Kisha akamwambia baba akanyage breki. Alitazama taa, halafu akanitazama mimi niliyekuwa pembeni yake. “Binti, wewe unaona ngapi?” Ningeweza kusema mbili. Lakini nilimwona baba kwenye kioo cha pembeni, anasubiri kwa uso wa mtu aliyeniamini usiku kucha, na sikuweza. “Moja, shikamoo,” nikasema, nikaangua kilio. Yule mama akacheka, akaitikia marahaba, akatupa muda mpaka saa sita mchana.

Nilijua leo nachapwa. Baba alishuka, akachuchumaa mbele yangu. “Jana iliwaka?” Nikatikisa kichwa. “Ulitaka nisiende Kidatu?” Nikaitikia kwa kichwa. Akanifuta kamasi kwa mkono wenye grisi. “Sikia mama. Huko nyuma macho yangu ni wewe. Usinifurahishe, niambie unachokiona.” Alichomoa balbu, akakuta kutu ya kijani ndani ya kishikio chake, akaikwangua kwa msasa, akakunja kikaratasi cha fedha cha pakiti ya sigara aliyoomba kwa dereva mwenzake, akakibana chini ya balbu ili ikae sawasawa. Akakanyaga. Nikaangalia, nikasogea, nikaangalia tena. “Imewaka, baba. Kweli.” Saa sita stika ilikuwa kwenye kioo, na msimu ule wote baba alilala nyumbani.

Leo mimi naishi Morogoro. Gari langu halina beseni popote, na safari ya Ifakara iliyokuwa ikitumaliza kwa mashimo sasa naimaliza kabla njaa haijanikamata. Ndiyo maana nyumbani napita kwa haraka, jambo ambalo zamani lisingewezekana. Juzi nililala usiku mmoja tu, na alfajiri, giza halijaisha, nikamwomba baba asimame nyuma anikagulie taa. Amezeeka, lakini macho yake bado humwona mwewe kabla vifaranga hawajamwona. Nikakanyaga breki. Kwenye kioo niliona ukuta mweupe wa nyumba yetu ukiwa na madoa mawili mekundu, la kulia na la kushoto, yanang’aa.

“Ya kushoto imegoma!” baba akapaza sauti. “Hii si ya kusafiri nayo leo, mama.”

Nikazima gari, nikashusha begi.