Bakteria wa Bi Nyongo

Pale maabara kila mtu alimwita Bi Nyongo, na jina lilimkaa barabara. Kutwa nzima alikuwa akichanganya nyongo ya ng'ombe na supu ya kukuzia bakteria. Akirudi nyumbani mama yake anaziba pua kwa mbwembwe: "Kaoge kwanza, mwanangu, ndiyo unisalimie."

Bakteria mwenyewe alimpata kwenye kinyesi cha kichanga mwenye afya ya chuma, na aliamini angewakinga watoto na kuhara. Lakini anayetaka kuishi utumboni lazima aivuke nyongo kwanza, na nyongo haina huruma. Kazi yake ni kuyeyusha mafuta, na ngozi ya bakteria ina mafuta tele. Kila alipowatia humo walikufa wote. Profesa, mama mpole lakini asiyemung'unya maneno, akamwambia, "Mdogo wangu, jaribio lijalo likienda mrama, tunafunga mradi." Bi Nyongo alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Sasa ukweli usemwe: mchapakazi alikuwa, ila kuosha vyombo kulimshinda tangu utotoni. Kabla ya jaribio hilo, akawakuza bakteria wake kwenye chupa aliyoisuuza juujuu tu, yenye nyongo kidogo iliyoganda chini. Kesho yake akawahamishia kwenye nyongo kali kama kawaida. Wakaishi! Mwingine angeitupa chupa ile kwa aibu na kujinyamazia. Yeye aliikagua, akaona uchafu wake mwenyewe, akaanza kujiuliza kama ni ile nyongo kidogo iliyowaandaa.

Akarudia, safari hii kwa makusudi. Kundi la kwanza alilionjesha nyongo kidogo kabla ya ile kali, la pili hakulionjesha. La tatu alilionjesha pia, ila alikuwa ameliondolea jeni moja aliyoishuku. Aliamini kwamba jeni hiyo hulala kwa sababu kuna protini iliyoikalia. Nyongo kidogo ikiingia, protini inabanduka, jeni inaamka, na bakteria anaunda pampu za kuitoa nyongo nje, kama watu wanaokumba maji sebuleni bomba likipasuka. Asiyepata onyo hufa hata ndoo hajaishika. Kama alikosea, kundi la tatu lingeishi vilevile, naye angefungasha vitu vyake.

Siku ya majibu wenzake walijazana mlangoni. Profesa alifungua kwa mkono wake kabati la joto lenye sahani tatu za kukuzia, moja kwa kila kundi. Sahani ya kwanza ilijaa vidoti vyeupe vya bakteria walio hai hadi ukingoni. Ya pili, tupu. Bi Nyongo alishika meza. Profesa akainua ya tatu kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena.

"Tupu," alisema. "Ni jeni hiyo kweli. Umefikaje hapa?"

"Sikuosha chupa vizuri."

Vicheko vikalipuka, hata profesa mbavu hana. "Basi uandike hivyo hivyo kwenye makala yetu, na jina lako litangulie langu. Au tuseme ilikuwa bahati tu?"

Alikuwa amelelewa kusema ndiyo, ni bahati, ni Mungu tu, ni nyinyi wenzangu. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza.

"Hapana, Profesa," alisema, akiipokea ile sahani tupu kwa mikono miwili. "Uchafu ulikuwa bahati. Haya mengine ni kazi yangu."