Mafunjo Sebuleni kwa Anti Dinah

"Anti, nani alikufundisha?"

Nilimuuliza hivyo Januari ya 1993, nikiwa na miaka kumi, sebuleni kwake katika mji wa Crystal, Minnesota. Mahali ambapo watu wengine huweka kochi, yeye alikuwa ameweka mafunjo. Yalinishinda urefu, yameegemea ukuta kutoka dirishani hadi mlango wa choo, na hita inanguruma chini yake. Alikuwa anafunga kifundo. Alisema, "Weka kidole hapa. Kaza. Ukiachilia nitakufunga na wewe humu."

Nikaweka kidole.

Anti Dinah si shangazi yangu wa damu. Alifanya kazi na mama yangu katika nyumba moja ya wazee kule Champlin, na shule ikifungwa kwa sababu ya theluji, mimi nilipelekwa kwake. Anatoka Baringo, Kenya, kando ya ziwa, kwa Wailchamus. Wavuvi wa kwao hutumia chelezo cha mtu mmoja kiitwacho kadich, kinachofungwa kwa vijiti vya mti wa majini ulio mwepesi kama mkate mkavu. Mvuvi hukaa ndani amenyoosha miguu, makalio yanalowa, huku anapiga maji kwa vibao viwili, kimoja kila mkono.

Mti ule Minnesota haupo. Anti akajaribu mafunjo ya huku, yale yenye vichwa vya kahawia kama soseji, yanayoota kwenye mitaro kando ya barabara kuu. Mara ya kwanza aliyakata Julai, mabichi, na chelezo kikazama kama sufuria. Mara ya pili alifunga kwa kamba ya nailoni, nayo ikayakata mafunjo vipande vipande. Mara ya tatu alingoja Oktoba, yakiwa yamekauka wima, akayaingiza ndani yamalizie kukauka karibu na hita. Akafunga kwa vitambaa alivyochana kutoka shuka kuukuu za kazini, zile zilizokuwa zikitupwa. Pamba ikilowa hujikaza yenyewe.

"Jua la Baringo halikaushi hivi," alisema, akiigonga hita kwa kidole cha mguu. "Kwa hili peke yake, Waamerika nawasifu."

Mama alikuwa akicheka, lakini kwa upendo. Kina mama wa kanisani walicheka kwa namna nyingine. "Dinah ameleta shamba sebuleni," walisema. "Wenzake wanasoma unesi, yeye anasuka nyasi." Anti aliyasikia yote. Jumapili alikwenda kanisani na mabaki ya mafunjo kwenye sweta, wala hakuyapangusa.

Kila Julai Wakenya wa huku tulikuwa na pikniki kando ya ziwa dogo karibu na Anoka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Nahashon, mfamasia, aliyekulia Marigat, si mbali na ziwa lenyewe la Baringo. Alipoona chelezo kimefungwa juu ya Corolla ya Anti, alikuja mbio na koleo la nyama mkononi.

"Dinah, hicho kiache hapo hapo juu."

"Kimepanda gari kuja kuota jua?"

"Nakuambia kwa heshima. Kuna wazungu tumewaalika, mabosi wa watu. Kesho wataniuliza kama na mimi nilikuja Amerika nimepanda nyasi."

"Waambie ulikuja na ndege, Mwenyekiti. Ya nyasi ni mimi."

Watu wakacheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma. Akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa pale pale na kreti ya soda. "Na ukizama mbele ya umati huu? Watakucheka mpaka Krismasi. Sisi sote tutachekwa."

Anti akakitazama chelezo juu ya gari. Chelezo kile hakikuwa kimewahi kuguswa na maji. Hilo tulilijua watu wawili tu, yeye na mimi niliyekuwa nimeshikilia vifundo vyake karibu vyote.

Aliingia ndani ya gari akaondoka. Bwana Nahashon akarudi kwenye nyama yake, ameridhika kabisa.

Ilipita kama saa moja na nusu. Ghafla mtoto mmoja akapiga kelele akionyesha ziwani. Anti Dinah alikuwa anakuja kutoka ng'ambo ya pili, amevaa jaketi la kuokoa maisha la rangi ya machungwa, leseni yake ya kuvua ikining'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Mikononi alikuwa na vifuniko viwili vya ndoo za aiskrimu. Pa, pa, pa. Chelezo kilikuwa kimelala upande wa kushoto na maji yalimfika kiunoni.

"Anazama!" mtu akasema.

"Ndivyo wanavyokaa," nikasema, ingawa sikuwa na hakika hata kidogo.

Pa, pa, pa. Muziki ukazimwa. Mabosi wa watu wakasimama na sahani zao. Ncha ya chelezo ikagusa mchanga. Anti akatoka, akachomoa kamba yenye kambare watatu wadogo, wale ambao watu wa hapa wakiwapata huwatupa tena majini. Akawaweka mezani mbele ya Bwana Nahashon.

"Mwenyekiti, choma."

"Nani alikufundisha hii kitu?" Bwana Nahashon hakuwa anatania tena. "Mimi nimekulia kule. Mwanamke haundi kadich. Nani alikufundisha?"

"Kimezama?"

"Sikuuliza hivyo."

"Ni mimi nimeuliza. Kimezama?"

Alikitazama kile chelezo kinavyochuruzika maji kwenye nyasi. Watu wote wanamtazama yeye.

"Hakijazama."

"Basi choma samaki."

Akachoma. Lakini hakula.

Mwaka uliofuata karatasi ya mwaliko ilikuwa na mstari mpya chini: vyombo vya kienyeji haviruhusiwi majini. Anti aliusoma kwa sauti, akaibandika karatasi kwenye friji, akaenda kufunga chelezo cha pili. Kile kilikuwa changu. Tulivuka pamoja. Mwaka wa tatu tulikuwa watano, na mstari ule ukatoweka kwenye mwaliko bila mtu kusema lolote. Binamu yake alipomwandikia kwamba vijana wa kwao sasa wanataka boti za faiba, alijibu kwa postikadi yenye maneno matatu: "Leteni vijana hapa."

Desemba iliyopita simu ikaja: baba yake Anti amefariki, na wameshamzika. Januari hii, 1999, nilikwenda kumsaidia kama kawaida. Tulifunga vifundo kadhaa. Halafu nikamuuliza tena nani alimfundisha, na kwa nini siku ile hakumjibu Bwana Nahashon.

"Siku ile mzee alikuwa hai," alisema. "Nahashon angepiga simu Marigat, na kabla ya jioni ziwa zima lingesema mzee amezidiwa ujanja na msichana."

"Kwa hiyo si yeye aliyekufundisha."

"Yeye? Nikisogea alinitupia mawe! Nilikaa juu ya jabali na mbuzi wake, nikaitazama mikono yake ikifunga kadich miaka minne." Akakivuta kifundo kwa meno. "Hakuna aliyenifundisha, Mumbi. Niliiba. Na sirudishi."