Mzee Aliyewekewa Mwisho wa Ng'ombe

Kengele ya shule yetu karibu na Bisil ilikuwa rimu ya lori, na mlio wake bado ninao masikioni: ngaa, ngaa, mpaka mbuzi wa majirani wanainua vichwa. Ndiyo iliyonipokea siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa Kitengela, nimemaliza sekondari tu, ualimu sijausomea, lakini kichwani tayari najiona mwalimu mkuu.

Nilipewa darasa la nane, mada ya kutolingana. Hii ni hesabu isiyotafuta jibu moja, inatafuta mpaka. Maneno unayageuza alama: "zaidi ya" ni >, "chini ya" ni <, na "haizidi" ni ≤. Kwa furaha zangu nikaandika: Mzee ana ng'ombe x. Akinunua watatu, hawatazidi ishirini. Yaani x + 3 ≤ 20.

Hakuna aliyeinua mkono. Mwishowe Nasieku, msichana wa dawati la mbele, akauliza, "Madam, huyu mzee amekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Sisi wafugaji, ng'ombe za mtu hatuhesabu. Na wewe umeziwekea mwisho kabisa! Hiyo si ni kumlaani?"

Wakacheka, ila hakuna aliyegusa kalamu. Mwalimu mkuu, mtu wa magharibi mwa Kenya mwenye sauti ya kanisani, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mkaguzi anatoka Kajiado Ijumaa. Akikuta hawa wamekaa hivi bila kuandika, msichana wangu, ufunge mizigo."

Niliumia, na si kwa ajili ya kazi peke yake. Nilikuwa nimeshawapenda wale watoto. Nikawaza sana, nikaona x haina shida. Shida ni ile alama. Nikaigeuza.

Ijumaa, mkaguzi akiwa amekaa nyuma ya darasa, nikaandika: Mzee akiuza watatu sokoni, atabaki na zaidi ya ishirini. Yaani x − 3 > 20. Mikono ikainuka kila dawati. Nasieku akaongeza tatu kila upande, akapata x > 23.

"Kwa hivyo ni wangapi haswa?" mkaguzi akauliza.

"Hiyo hatuulizi, mwalimu," Nasieku akajibu. "Tunajua tu wanapita ishirini na tatu. Mungu aongeze."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu madam abaki."

Nilibaki. Baadaye nilihamia Isinya, mpaka walimu waliosomea wakatosha, na mimi nikapumzika. Ualimu mkuu sikuupata. Lakini ninyi walimu mnaoanza, kabla ya kuandika swali ubaoni, fikirini linaingia nyumba ya nani.

Jioni ya ile Ijumaa, watoto wakiwa wameenda, nilikaa peke yangu darasani nikala githeri yangu ya mahindi na maharagwe, imeshapoa, ile niliyoiacha mchana kwa hofu ya mkaguzi.