Fimbo ya Furaha na Vizibo vya Papa

Sisi tuliokulia Majengo miaka ile ya kukimbiakimbia, mchezo haukungoja umeme wala mtandao. Mpira tuliufunga kwa mifuko ya plastiki, tukateremka mlimani na chukudu za kuazima, zile baiskeli za mbao, mpaka magoti yakachunika kwenye mawe meusi ya volkano. Tulirudi nyumbani tumejaa vumbi lake, mama zetu wakatupokea kwa makofi kabla ya kutupa bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mnakumbuka ile harufu ya sambaza, nyua zote zikikaanga kwa wakati mmoja? Watoto wa leo wakichubuka kidole wanataka wapelekwe hospitali. Lakini ulikuwepo mchezo mmoja ambao sijui ua mwingine Goma uliokuwa nao. Ulikuwa mchezo wa Papa, na mpaka leo nikiusimulia masikio yanapata moto.

Papa alikuwa karani kwenye depo ya kahawa upande wa Rutshuru. Vita ilipofika tuliteremka kwa miguu na wenzetu, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya chini ya shitingi, yale maturubai ya msaada, mvua ikilala pamoja nasi. Kisha Mama Kavira, mfanyabiashara wa maharagi kutoka Butembo aliyemfahamu Papa kwa kazi, akatupa chumba cha mbao nyuma ya nyumba yake Majengo, kwa huruma tu. Wanaume wengine waliokimbia walibeba mizigo bandarini au walivunja mawe Munigi. Papa hakuwa na mgongo wa kubeba kitu. Asubuhi alizunguka ofisi hadi ofisi akiomba kazi, mchana akarudi mikono mitupu na kukaa uani na watoto. Hilo peke yake lilishaanza kunitia aibu.

Zamani, Papa alipokuwa mwanafunzi wa bweni Bukavu, mwalimu mmoja kijana kutoka Ulaya aliwafundisha mchezo wa kukaa mezani na kusafiri kwa maneno. Mmoja anasimulia: mmefika mtoni, daraja limekatika, ng'ambo kuna nyumba inayotoa moshi. Wengine kila mmoja ana mtu wake, awe mpiganaji, mwizi, mganga au mchawi. Unasema mtu wako anafanya nini, halafu bahati inaamua. Bwenini walikuwa na dadu ya pande ishirini. Papa hakuwa nayo, basi aliandika namba kwenye vizibo vya chupa, moja mpaka ishirini, akavitia ndani ya kopo la maziwa. Unatikisa, unachomoa bila kuchungulia. Kikitoka cha namba kubwa umefaulu, kikitoka kidogo umetumbukia mtoni na wenzako wanakucheka.

Dada yangu mdogo, Furaha, ndiye aliyekuwa mchawi. Na mchawi bila fimbo, alisema Papa, ni mtu mwenye koti refu tu. Fimbo ilikuwa na sheria zake. Ilibeba nguvu kumi. Kuangaza gizani kulikula moja, kujikinga na mishale mbili, kutoa moto tatu. Jua likichomoza zilirudi chache, si zote. Haikumtii mtu mwingine ila yule aliyeizoea. Na ukiivunja kwa makusudi, nguvu zote zilizobaki zinatoka kwa mpigo mmoja, na mwenye fimbo hana hakika ya kupona.

"Njo maana mulozi wa akili anafikiriaka mbele ya kupiga," Papa alituambia. "Fimbo haiko ya kuogopesha batu. Iko ya kuchagua."

Mngemwona Furaha akihesabu kwa vidole, ulimi nje, sisi wote tumebana pumzi! Hakuna aliyemharakisha, hata wale wakubwa waliokuwa wakigombana kwenye foleni ya maji.

Yote hayo yangebaki maneno matupu kama Furaha asingetaka fimbo ya kushika mkononi. Papa hakujua kumnyima kitu. Alimchongea moja ya mkaratusi, akaichora mistari kumi kwa msumari wa moto, na kila nguvu iliyotumika Furaha aliupaka mstari wake makaa.

Jumamosi moja Furaha alisimama, akainua fimbo yake, akapaza sauti: "Moto! Choma ile nyumba ya ng'ambo!" Akachomoa kizibo cha kumi na tisa, nasi tukapiga kelele za kushangilia. Kesho yake, wakati wa misa, jiko la mbao la Mama Zawadi, jirani wa nyuma ya ua wetu, likaungua lote. Hakuumia mtu. Alikuwa ameacha makaa yakiwaka, kila mtu alilijua hilo. Lakini kelele zetu za jana alikuwa amezisikia vizuri.

Mchana ule ua ulijaa watu. Nyumbakumi wetu, yule mzee anayesimamia nyumba za jirani, Muzee Safari, alikalishwa kwenye kiti cha plastiki. Mama Kavira alimvuta Mama pembeni, nami nilikuwa karibu.

"Mama Furaha, miye niko na roho muzuri, unajua. Lakini bakisema nafuga mulozi kwangu, nitafanya aje? Mutarudia Kanyaruchinya."

Furaha alikuwa amejifunika uso kwa kikwembe cha Mama. Sisi wenyewe tulishaona watoto waliosemwa vile, jinsi walivyolala barabarani na hakuna aliyewaita kula.

Muzee Safari aliinua fimbo kwa ncha za vidole. "Papa Furaha, hii kitu inafanyaka nini?"

Mtu mwingine yeyote angesema: ni kijiti cha mtoto, muzee, utusamehe. Papa wangu akasafisha koo na kujibu kama alivyokuwa akimjibu mkubwa wa depo.

"Iko na nguvu kumi, muzee."

Watu wakarudi nyuma.

"Na moto? Inatoaka moto?"

"Inatoa. Lakini inakula nguvu tatu."

"Na jana ilitoa?"

"Mara moja tu. Mutoto alipata kumi na tisa."

Mama Zawadi akapiga yowe. Papa, alipoona hawamwelewi, akazidi kufafanua, maskini, kwamba nguvu zinarudi asubuhi, na kwamba fimbo haimtii mgeni, kwa hiyo muzee aishike bila wasiwasi. Muzee Safari akaiangusha chini palepale. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamepanda juu ya ukuta wa mawe wanatazama.

"Kama ni muti tu," Muzee Safari alisema, "uvunje hapa, sote tuone."

Papa akaiokota, akaishika kwa mikono miwili, akasita. Umati ulidhani anaogopa. Mimi nilijua anachowaza, na ndipo aibu iliponishika zaidi: fimbo haikuwa yake. Akachuchumaa mbele ya Furaha, mbele ya wazee wote wa mtaa, akamwuliza kwa heshima zote.

"Furaha, mama, inabakia na ngapi?"

Furaha akatoa uso, akahesabu mistari. "Mbili, Papa."

"Utaniruhusu?"

Akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Papa akaivunja juu ya goti. Mwanamke mmoja alijitupa chini, na mwanaume mzima akakimbilia nyuma ya choo. Kuku wa Mama Kavira akapita katikati yetu, anadonoa. Basi. Kijana mmoja akaanza kucheka, wakafuata wengine, mpaka Mama Zawadi mwenyewe akashika mbavu.

"Huyu hapana mulozi," Muzee Safari alisema, akipangusa macho. "Vita ilimuharibu kichwa. Mumuache."

Papa aliwatazama watu wale waliomcheka, kisha akatutazama sisi na mlango wa chumba chetu. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, muzee," alisema. "Iko vile."

Hatukufukuzwa. Jioni Mama Kavira alituletea maharagi, na Furaha akaendelea kuitwa mtoto wa watu. Mimi shuleni nikawa mtoto wa Papa Fimbo. Waliniuliza kila asubuhi jua limemrudishia nguvu ngapi. Nilianza kupita njia ya mzunguko ili nisionekane naye. Mama alitupa vizibo jalalani, na Papa hakutukusanya uani tena. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Siku hizi wanangu wana wachawi ndani ya simu. Fimbo zao zinawaka rangi zote, na nguvu zikiisha wanabonyeza mahali fulani, zinajaa. Hakuna anayengoja kupambazuke, hakuna anayetoa ulimi akihesabu, na kila mmoja anacheza kwenye kona yake ameinamisha shingo. Ukiwauliza wanacheza na nani, wanakutajia mtu wasiyemjua sura. Nawacheka, nao wananiona mtu wa kale.

Juzi kijana wangu alimwuliza babu yake kama zamani walikuwa na mchezo wa wachawi. Papa amezeeka sasa, meno yamebaki machache, lakini uso ulimchangamka wote. Akasogea mbele ya kiti. Sebuleni walikuwepo wageni, watu wa kazini kwangu. Kabla ya kufungua mdomo Papa alinitazama mimi kwanza, nami nikatazama chini.

"Ile wakati ilikuwa vita, mujukuu wangu," alisema. "Hatukuchezaka."