Inua Kidevu Kidogo

Baba yangu alikuwa mpiga picha wa studio, mtaa wa Cheyo, mjini Tabora. Kila aliyeketi kwenye stuli yake aliambiwa maneno yaleyale: "Inua kidevu kidogo." Hata bibi harusi. Hata mimi bintiye, nikiwa nimenuna.

Daktari alipomwambia presha ya macho itammalizia nuru iliyobaki, hakulia. Aliniomba kitu kimoja tu: picha kubwa ya kipungu, yule tai mwenye uso mwekundu na mkia mfupi, aliyekuwa akimwona ujanani njia ya Usinge na siku hizi ameadimika. Alitaka amtazame mpaka ashibe, kabla hajapofuka.

Tukaenda wote. Siku mbili tulijibanza kwenye miti iliyotundikwa mizinga ya nyuki, tukila viazi vitamu vilivyopoa, mimi nikimnyamazisha baba aliyetaka kunifundisha kazi niliyojifunza kwake. Asubuhi ya tatu kipungu akatua kwenye mti mkavu mbele yetu. Aliinama, akaanza kuchokonoa manyoya ya kifuani. Nikabana pumzi, nikisubiri ageuke.

"Inua kidevu kidogo!" baba akasema, kwa sauti ileile ya studio.

Kipungu akainua kichwa kweli, akatutazama, akaruka. Nilichopata ni tawi tupu.

"Baba! Yule ni mteja wako?" nikafoka. Naona aibu hadi leo. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyevunja kikombe. Tukarudi mjini bila picha.

Mvua zikaja, barabara ikawa matope matupu. Niliporudi porini, peke yangu, macho ya baba yalikuwa yamekwisha. Kipungu nilimpata, tena karibu, na ule ukimya ukaniliza. Ningetoa kamera na lenzi yake nisikie sauti ile ikiniharibia kazi tena.

Nikaisafisha picha na kuichapa, kubwa kama alivyotaka, nikamwekea mapajani. Akaipapasa pembe hadi pembe.

"Kidevu kainua?"

"Kainua, baba. Anakutazama wewe."

"Si unaona?" akacheka. "Halafu unasema si mteja."

Picha ipo ukutani, sebuleni. Kila mgeni akija namuwahi mlangoni, nimsihi asije akamwambia baba kwamba ndege ameinama.