Kizazi Nilichokiacha Nakuru

Nilikwenda Nakuru kutolewa kizazi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mitatu niliwaambia watu wa kwetu Kikopey kwamba nina vidonda vya tumbo, na najua si mimi peke yangu ninayesema hivyo.

Kazi yangu ni kupokea oda katika hoteli ya nyama choma kando ya barabara kuu. Kila mwezi nilitokwa na damu siku kumi, mara nyingine kumi na mbili, tena yenye mabonge. Picha ilionyesha uvimbe mwingi ndani ya kizazi. Nilipewa vidonge, kisha koili yenye dawa ya kuwekwa ndani ya kizazi, nayo ikatoka yenyewe. Daktari akataja upasuaji. Nikasema nitafikiria.

Nilichokuwa nikifikiria ni jina. Kwetu sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Mimi nilikuwa na binti mmoja tu, Wangari, mwenye jina la mama mkwe. Nyambura, ambaye angebeba jina la mama yangu, hakuwa amezaliwa, na nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na mbili. Niliona kwamba nikikubali kisu, nitakuwa nimemnyima mama haki yake.

Jumatatu moja nilizirai kati ya meza mbili nikiwa nimebeba kachumbari. Mume wangu, Njoroge, hakunishauri tena. Aliazima gari la rafiki yake, Probox, anipeleke Nakuru.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Njoroge alitandika karatasi ya nailoni juu ya kiti, kisha leso, nami nikakalia. Tulipita njia ya kuingia Kariandusi, ambako vumbi jeupe la machimbo lilikuwa limelala juu ya majani. Huko Mbaruk nikaomba tusimame kwenye kituo cha petroli, nibadilishe pedi. Msichana wa pampu aliniangalia nikitoka chooni.

"Mathe, uko sawa? Midomo yako imekuwa nyeupe."

"Ni vidonda tu vya tumbo."

Njoroge aliwasha gari. "Huyo hata hutamwona tena," akasema, "na bado umemdanganya."

Saa mbili tulikuwa hospitalini Nakuru. Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na sauti ya chini. Nilimpa daftari nililoandika siku zangu, idadi ya pedi na siku nilizoshindwa kwenda kazini. Alilisoma lote kabla ya kuniuliza chochote. Kiwango cha damu yangu kilipopimwa, kilikuwa saba, badala ya kumi na mbili.

"Kuna njia ya kuchoma ukuta wa ndani tu," alisema, "lakini kwa uvimbe mkubwa hivi haikufai. Naweza kutoa uvimbe peke yake nikaacha kizazi. Lakini ni mwingi, unaweza kurudi, na kazi yenyewe inamwaga damu ambayo wewe huna. Mimi ningetoa kizazi. Vifuko vya mayai vikiwa vizima tutaviacha."

"Nataka mtoto mmoja zaidi."

"Ni wewe unamtaka?"

Swali hilo lilinikuta sijajiandaa. Nikamwambia ni wa mama yangu, nikaeleza habari ya jina. Aliweka kalamu chini.

"Mama yako anajua unamngojea?"

"Hajui."

"Basi fikiria wakati tunakuongeza damu. Na fomu ni yako kusaini. Si ya bwana, si ya mama."

Jumatano niliongezewa damu, pakiti mbili. Njoroge alitoa yake ili kurudishia benki ya damu, akaja kuketi karibu nami huku anakunywa soda kama mtoto aliyedungwa sindano. Kitanda cha pili kilikuwa cha mama mmoja wa Salgaa, anayepikia madereva wa malori. Yeye alikuwa ametolewa kizazi siku mbili nyuma.

"Watu wamekuambia utageuka mwanaume?" aliniuliza.

"Wamesema."

"Hata mimi. Nangojea ndevu."

Njoroge alitazama dirishani ili asicheke. Mchana, pakiti ya pili ilipoisha, nilitembea hadi mwisho wa wodi na kurudi bila kushika ukuta. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipotembea hivyo, nikashindwa. Nikamwita sista, nikasaini.

Alhamisi asubuhi nilipasuliwa. Nakumbuka baridi ya chumba, na mtu akiniambia nivute pumzi. Nilipoamka nilihisi kidonda kinawaka, na daktari akaniambia kila kitu kimeenda vizuri. Nilimshukuru. Kisha nikafunika uso kwa shuka, kwa sababu Nyambura hangekuja tena.

Jumapili niliruhusiwa. Nilikatazwa kuinua kitu kizito kwa wiki sita, kwa hiyo Njoroge alinipeleka Bahati kwa mama yangu. Mama aliniwekea sahani ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua.

"Mama, hizi ni za aliyezaa."

"Ni za aliyetokwa na damu. Kula."

Ndipo nikamweleza. Nilimwambia kizazi kimetolewa, na kwamba nilingoja miaka mitatu kwa ajili ya jina lake, na sasa nimeshindwa. Alinisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Akina Nyambura wako wanne kwa ndugu zako," alisema. "Yule wa Eldoret hata simu hanipigii. Nani alikuambia nangojea wa tano?"

"Hakuna."

"Miaka mitatu unamwaga damu kwa sababu yangu, Wanjiru, na hukuniuliza."

Alikuwa amekasirika kweli. Alitoka nje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alichukua sahani, akapasha moto, akanirudishia.

Baada ya wiki sita Njoroge alikuja kunichukua. Katika safari hiyo nilijifunza jambo moja, kwamba nilikuwa nimewajibia watu wangu maswali ambayo sikuwahi kuwauliza. Tulipofika mahali ambapo Ziwa Elmenteita linaonekana, nikauliza lililokuwa limebaki.

"Wewe ulimtaka mtoto huyo?"

Alipunguza mwendo.

"Nilimtaka sana," alisema. "Lakini kama ningekuambia, ungeendelea kungoja."

Alisimamisha gari pembeni. Tukamlilia Nyambura pamoja, mara hiyo moja, kisha tukaenda nyumbani.