Metrine Aulizwa Cheti cha Ndoa

Metrine Kavetsa ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na mume anayeishi mji mmoja naye, ila tangu likizo yao ya mwisho nyumbani, miaka miwili na nusu sasa, hawajalala chumba kimoja. Usidhani waligombana. Yeye ni mfanyakazi wa ndani, hulala kwa madam wake huko Jumeirah Village Circle, katika kijichumba kilichobanana na mashine ya kufulia, na mgeni wa kiume haruhusiwi. Jotham, mumewe, ni askari wa lango kwenye jengo moja la fleti, na kampuni imempa kitanda Dubai Investments Park, wanaume sita chumba kimoja, na mwanamke hakanyagi. Basi watu na ndoa yao hukutana Satwa Jumapili mbili kwa mwezi. Wanakula sambusa wamesimama nje ya duka la fundi cherehani, wanaongea habari za watoto, kisha kila mmoja anapanda basi lake. Jamani, hata wanafunzi wanaowakimbia walimu hupata pa kukaa.

Wazo la kwenda kulala nyumba ya wageni ya Kimoroko lilitoka kwa madam mwenyewe. Alikuwa amerudi kutoka Fez, huko Moroko, na picha tele, akawa anamwonyesha Metrine huku Metrine akipiga pasi. Nyumba yenyewe ukiipita nje huoni kitu ila ukuta na mlango, lakini ukiingia unakuta ua wenye chemchemi na mchungwa, na vyumba vimeuzunguka. Madam akasema mtu hulala humo kama mtoto mchanga. Metrine aliendelea na shati lake, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Akaulizia kanisani, na Agnes, anayefanya usafi mitaa ya kale kule karibu na hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, akamwambia iko moja ya namna hiyo, vyumba saba, mwenyewe Mmoroko hasa. Madam aliposafiri kwenda kwa dada yake, Metrine akaomba ruhusa ya Jumamosi hadi Jumapili, akapewa. Alinunua hata nguo mpya ya kulalia. Mama wa watoto watatu, eti. Sema utakavyo.

Walifika saa tisa alasiri. Ua ulikuwa kama kwenye picha, na mapokezi alisimama kijana mwenye beji ya Clifford kifuani. Alipofungua kinywa tu Metrine akamjua kuwa ni wa kwao, tena wa upande wa Kakamega. Moyo ukatulia, akamsalimu kwa Kiluhya: "Mulembe." Clifford akamjibu kwa Kiingereza.

Akafungua pasipoti ya kwanza, akafungua ya pili. "Majina hayafanani," akasema. "Mna cheti cha ndoa, madam?"

Miaka minne Metrine yuko Dubai, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumwita madam.

Cheti akitoe wapi? Metrine aliolewa kwa ng'ombe. Ng'ombe wanane walitoka kwa kina Jotham wakaingia kwa baba yake mchana kweupe, wazee wakala wakashiba, kijiji kizima kikaona. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndoa ile imepungukiwa na karatasi, na pasipoti yake ina jina la baba yake kama za wanawake wengi wa kwao. Na Clifford anayajua hayo yote, haki ya Mungu anayajua. Hata mama yake huenda aliolewa vivyo hivyo.

"Wewe ni mwana wa kwetu," Metrine akamwambia kwa Kiswahili, polepole. "Unajua tunavyooana."

"Ni utaratibu, mama. Lakini mnaweza kuchukua vyumba viwili."

"Vyumba viwili, mimi na baba wa watoto wangu?"

Kando ya chemchemi walikaa Wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, wakinywa chai ya nanaa. Walikuwa wamefika sasa hivi, mabegi bado yako miguuni, na ufunguo wao mmoja uko mezani. Metrine akawatazama, kisha akamtazama Clifford. "Na hao umewauliza?" Clifford akainamia kompyuta yake.

Jotham akamshika kiwiko. "Mama Harriet, twende zetu. Kijana anafanya kazi yake."

Hapo ndipo Metrine alipopandwa na hasira. Alijichomoa mkononi mwa mumewe, akakatiza ua hadi kwa wale Wazungu, akawapa habari za mchana kwa kile Kiingereza chake cha adabu alichokiokota kwa madam, na akawauliza kama wameoana siku nyingi. Mwanamke akacheka. Akasema hawajaoana wala nini, walijuana Machi, huyu ni rafiki yake tu. Aliyasema kwa sauti na bila haya, na haya ya nini, wakati hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ni jambo la kuonea haya?

Watu wote uani walikuwa wamesikia. Mwenye nyumba, mzee mnene aitwaye Wahid, akashuka ngazi kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akashangaa. Utaratibu huo hakuuweka yeye, akasema, na siku hizi serikali haimdai mgeni cheti. Akamgeukia Clifford amweleze.

"Sir, hawa ni watu wa kwetu," Clifford akasema, sauti imemshuka. "Wakiharibu jambo, utasema ni mimi niliyewaingiza. Wale wengine wakiharibu, hakuna atakayeniuliza."

Kikulacho ki nguoni mwako. Metrine alitamani kijana yule apigwe kalamu papo hapo, kisha akaona vibaya kutamani hivyo, maana naye hakosi watu nyumbani wanaomtegemea. Wahid alisema khalas, basi yameisha, akachukua ufunguo akawakabidhi kwa mkono wake, akawaomba radhi, na akaagiza wapelekewe chai. Clifford ndiye aliyeileta, macho chini.

Chumba kilikuwa kizuri kweli. Kitanda cha mbao ya kuchonga, shuka nyeupe, dirisha la kutazama mchungwa, na muda ulikuwa wao hadi kesho adhuhuri. Lakini hasira ilikataa kushuka. Metrine aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi.

"Kilichoniuma si yule kijana," akasema. "Ni wewe. Mume wangu mzima, unamtetea."

Jotham alikuwa dirishani, amempa mgongo. "Sikumtetea. Naijua kazi ile."

"Kazi gani? Ya kuwauliza weusi na kuwapisha weupe?"

Jotham akazidi kuutazama mchungwa. Metrine, ambaye akili yake haiachwi mbali na kinywa, akaanza kuelewa.

"Baba Harriet. Wewe pale langoni huwauliza akina nani?"

Jotham akasema wanaokuja na magari huwafungulia tu. Huwasimamisha wanaokuja kwa miguu, wanaofanana nasi. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba kazi inakaa salama hivyo. Mwezi uliopita alikuja Mganda mmoja, Trinah, amemletea dada yake chakula. Dada mtu ni yaya ghorofa ya tisa na alikuwa na homa.

"Nilimsimamisha juani tangu saa saba hadi saa kumi. Alinibembeleza kwa Kiswahili. Mwishowe akaniachia bakuli, akaniomba nimfikishie dada yake, akaenda zake."

"Ukamfikishia?"

Jotham hakugeuka.

"Nakuuliza. Kile chakula ulikifanyaje?"

"Nilikula," akasema.

Metrine akakivaa tena kile kiatu. Akatoka, akaenda kukaa peke yake uani, na hasira yote aliyokuwa amemwekea Clifford sasa ilikuwa ya mume aliyemngoja miaka miwili na nusu.